Ukitaka barabara tulivu ya kunyonga baiskeli Dar, vuka maji

Wakuu, kila nikisimama mahali na hii baiskeli yangu ya tairi nyembamba lazima mtu aniulize, we unanyongea wapi hapa Dar bila kugongwa? Swali halali kabisa. Morogoro Road ina mabasi, Mandela ina malori, na Bagamoyo Road ambayo kila anayeanza anaikimbilia kwa sababu ya jina mi siishauri, mpaka ufike Bunju umeshavuta moshi wa kutosha mwezi mzima. Jibu langu huwa fupi tu, amka mapema afu vuka uende Kigamboni.

Ishu hapa ni saa. Barabara ile ile ya Kigamboni saa 3 asubuhi ni bodaboda, bajaji na malori ya mchanga, ila Jumapili saa 12 kasoro unakuta mtu na mbuzi wake tu. Kwaiyo mi saa 11 alfajiri nishatoka nyumbani na taa mbele na nyuma (taa ya nyuma usiibanie hela), saa 11 na nusu niko feri pale Magogoni. Ukipanda na baiskeli kaa pembeni kabisa, ushike breki muda wote, na usikae mbele ya guta la samaki, geti likifunguka wale hawasubiri mtu. Kama unakaa Temeke au Kurasini feri achana nayo, pita Daraja la Nyerere, lile la mita 680 lililofunguliwa 2016, pembeni kuna njia ya waenda kwa miguu na asubuhi pale juu kuna upepo mtamu sana.

Ukishuka feri nyoosha mpaka Mjimwema. Pale ndo wengi wanakosea, wanafuata lami kubwa ya kwenda Kibada na Kongowe, huko unarudi kulekule kwenye malori. Iache, we shika njia ya Gezaulole. Kuanzia hapo nyumba zinapungua, inakuja mikorosho, minazi, mashamba ya mihogo, na bahari huioni ila unaisikia harufu yake upande wa kushoto. Gezaulole kwa Kizaramo maana yake jaribu uone, na kweli jaribu uone, mi mara ya kwanza nilisema nafika hapo nageuza, nikajikuta naendelea tu. Kutoka feri mpaka Kimbiji hesabu kama kilomita 40 hivi, kwenda na kurudi 80, kwa anayeanza ni nyingi, kwaiyo wiki za kwanza geuzia Gezaulole. Huko mbele lami na vumbi vinabadilishana na kila mwaka kunakuwa na kipande kinachochimbwa, usiamini ramani ya simu, muulize bodaboda yeyote kijiweni "kaka, mbele kuna mchanga?" atakwambia mpaka shimo lilipo.

Mchanga ndo adui wa tairi nyembamba. Baiskeli nyingi za mtumba zinakuja na tairi za 23 (yani upana wa milimita 23), ngumu kama ubao, ukiingia nazo kwenye mchanga unaanguka kama gunia mbele za watu. Weka 28, na kama uma wa baiskeli (ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele) unaruhusu weka 32, afu usijaze upepo mpaka mwisho, ukibonyeza kwa dole gumba iwe inakubali kidogo. Ukiuona mchanga mbele usifunge breki ya mbele, weka gia nyepesi, rudi nyuma kwenye siti, mikono legevu, nyonga tu taratibu. Ikigoma shuka utembee, hamna aliyekuandikia faini.

Sasa nisikilizeni hapa kwenye vali. Mwaka juzi nilipata pancha mbele ya Gezaulole kidogo, nikasukuma mpaka kwa fundi mmoja chini ya mkorosho, mzee wa makamo, ana beseni la maji, msasa, solusheni na kipande cha tyubu ya pikipiki anachokata viraka. Nikamwamkia, akatoa tairi kwa mkono bila spana wala nini, akazamisha tyubu kwenye beseni akawa anaizungusha polepole mpaka povu dogo likatoka, akaweka alama kwa njiti, akakwangua, akapaka, akapuliza, akasubiri ikauke kabisa ndo akabandika. Kazi safi. Kuja kujaza upepo, pampu haiingii! Vali yangu ilikuwa ile nyembamba yenye kinati cha kulegeza juu, na pampu zote za kijiji kile ni za vali nene. Tukaangaliana. Mzee akacheka akasema "mwanangu hii baiskeli yako ina mdomo wa kasuku." Nilisukuma karibu saa nzima mpaka nikapata gari la mkaa. Kwaiyo nunua kile kidude kidogo cha shaba cha kuvalisha kwenye vali, bei yake haiko mbali na ya soda, kifunge kwenye vali yenyewe kikae hapohapo, plus pampu yako ndogo, tyubu mbili mpya na hela ya chenji ya noti ndogondogo.

Maji beba chupa mbili, jua la Januari na Februari halina utani, hesabu nusu lita kwa saa na likiwaka zaidi ya hapo, moja tia chumvi kidogo na ndimu. Chakula usibebe kingi, njiani kuna mihogo, chapati na madafu. Na zile kaptula za kubana, jamani, vile ni vijiji vya watu wazima na misikiti, ukishuka kununua dafu jifunge shuka au kikoi. Wazee wape shikamoo hata kama unapita kasi, siku ukipata pancha haohao ndo wanakuitia fundi.

Upepo nao uujue. Kuanzia Mei mpaka Septemba ni kusi, ukielekea Kimbiji unakupiga usoni, ukirudi unakusukuma mgongoni, raha tupu kwa sababu miguu imeshachoka. Wakati wa kaskazi, Desemba mpaka Machi, unakupiga ubavuni kwenda na kurudi, lori likikupita unayumba. Masika usiende kabisa, ile njia ya vumbi inakuwa tope la kunata linajaa mpaka kwenye breki.

Ukitaka milima nenda Kisarawe. Gongo la Mboto pale ni vurugu, kwaiyo mi nabeba baiskeli kwenye kirikuu mpaka Pugu ndo naanzia hapo, nikikwea nawaza tu Mwalimu alivyofundisha Pugu kabla hajaacha kazi 1955, sijui ule mlima alikuwa anauonaje. Badilisha gia kabla mlima haujaanza, ukibadilisha katikati ya mlima huku umekandamiza pedali, cheni inaruka. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi inakupa kivuli kizuri, na kupita Kisarawe njia ya Maneromango ni tulivu haswa. Kushuka ndo kazi, kuna matuta na rasta, inuka kwenye siti, kunja viwiko, na usishike breki mfululizo, kamata achia kamata achia.

Ukirudi nyumbani, hasa kama ulikuwa Kigamboni, usilale kabla hujafuta cheni na kitambaa kikavu ukatia mafuta ya cherehani tone tone, kuna chumvi ya bahari pale huioni kwa macho. Cheni yangu ya kwanza niliiacha hivohivo Jumapili mpaka Jumapili, ikawa nyekundu kama ubuyu.