Magadi ni asidi au besi? Iulize kabeji ya zambarau

Kila muhula swali hili huibuka katika darasa langu la sayansi hapa Nairobi, nami silijibu kwa mdomo. Watoto wanayajua magadi tangu jikoni: hutiwa kwenye githeri ili mahindi na maharagwe yalainike upesi. Basi tunaanzia huko huko jikoni.

Kwanza, nunua robo ya kabeji ya zambarau. Ya kijani haifai, haina rangi tunayoitaka. Ikatekate, imiminie vikombe viwili vya maji yaliyochemka, ngoja dakika kumi, kisha chuja. Maji hayo ndiyo kiashirio chako, yaani kitu kinachobadili rangi kuonyesha kama ulichotia ni asidi au besi. Yakiwa mazito hadi huoni mwanga kupitia glasi, yazimue.

Pili, panga glasi tatu zenye kiashirio kidogo. Moja iache ilivyo, ya kulinganishia. Nyingine ikamulie limau: itageuka nyekundu, kwa sababu ya asidi ya sitriki. Ya tatu tia magadi yaliyosagwa, ncha ya kijiko tu, ukoroge. Itageuka kijani, na jibu ndilo hilo: besi. Waonye watoto wasishike macho kabla ya kunawa mikono.

Hatua ya tatu ndiyo niipendayo zaidi, na ndiyo inayoharibiwa na haraka. Katika ile glasi ya kijani, dondoshea limau tone kwa tone. Povu litapanda, hiyo ni kaboni dioksidi inayotoka kwenye magadi. Rangi itapitia buluu, irudi zambarau, kisha iwe nyekundu. Ukimwaga limau lote kwa pamoja, watoto wataona nyekundu tu na hawatajua asidi na besi zilimalizana nguvu wapi. Na ukiwa umetia kijiko kizima cha magadi, hata malimau mawili hayatatosha.

Sasa watauliza magadi hutoka wapi. Ziwa Magadi liko kusini-magharibi mwa Nairobi, ndani ya Bonde la Ufa. Chemchemi za maji moto huliletea sodiamu na kaboneti zilizoyeyuka, sodiamu yenyewe ikitoka kwenye miamba ya volkeno. Hakuna mto unaotoka ziwani. Maji huondoka kwa kugeuka mvuke, chumvi hubaki, nayo huganda kuwa trona, yaani magadi yenyewe.

Tengeneza ziwa lako: yeyusha kijiko cha magadi majini, mimina kwenye sahani ya rangi nyeusi, anika juani. Mwezi wa Julai, kwa baridi na mawingu yetu, vumilia siku kadhaa. Utando mweupe ukitokea, mtoto aukwangue na kuutia kwenye kiashirio kipya. Kitageuka kijani tena.