Kupanga nyumba unapoishi na maumivu sugu

Maumivu yakishapita miezi 3 huitwa maumivu sugu. Kwa wanawake wengi chanzo ni fibromayalgia (maumivu ya misuli mwili mzima pamoja na uchovu), endometriosisi (tishu kama za ndani ya mfuko wa uzazi kuota nje yake), baridi yabisi, kipandauso au matatizo ya mgongo, na mengi ya hayo hayaonekani kwa macho. Kuyakubali kunakuwa kugumu kwa sababu nyumba inaendelea kudai mwili wa zamani: sufuria ziko juu palepale, sakafu inasubiri kupigwa deki kwa mkupuo mmoja, na kila jioni unajiona umeshindwa. Kwa hiyo anza na nyumba.

Kabla ya kusogeza chochote, pima kwa siku 5. Chagua kazi moja inayokuumiza, tuseme kusimama jikoni, uandike kwenye daftari dakika ulizosimama kabla maumivu hayajapanda. Ukipata 30, 10, 20, 25 na 15, wastani ni 20. Toa moja ya tano, zinabaki 16. Hicho ndicho kipimo chako, hata siku ambayo mwili umekaa vizuri. Weka kengele ya simu. Ikilia, kaa chini. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: siku maumivu yametulia wanafua, wanadeki na kupanga kabati, kisha wanalala siku 2 mfululizo. Siku mbaya nayo usiache kazi kabisa. Zigawe zile 16 ziwe 8 na 8, katikati upumzike. Wiki 2 zikipita bila kuzidiwa, ongeza dakika 1 au 2 tu.

Sasa jikoni. Vitu vya kila siku vikae kati ya nyonga na mabega. Meza ya kukatia iwe sentimita 10 hadi 15 chini ya kiwiko chako ukiwa umesimama: ikiwa fupi zaidi mgongo unapinda, ikiwa ndefu mabega yanapanda na shingo inakaza. Meza fupi inainuliwa kwa ubao mnene usioteleza. Kumenya fanya ukiwa umekaa kwenye stuli. Kazi ya kusimama, pandisha mguu mmoja kwenye kigoda kifupi na ubadilishe kila dakika chache. Maji ya lita 20 ni kilo 20. Yagawe kwenye vidumu vya lita 5, kimoja kila mkono, ili mwili usiegemee upande mmoja. Mpini mwembamba wa kisu au mwiko hulazimisha vidole kukaza, basi uzungushie kitambaa na ukifunge imara. Kitandani, ukilala ubavu, weka mto kati ya magoti.

Stuli hiyo ya kumenyea isifichwe wageni wakija. Ukiificha, utasimama saa nzima kuwaridhisha, na kesho yake utalipa. Iache mahali pake, mbele ya macho ya kila mtu.

Watu wa nyumbani nao ni sehemu ya mazingira, na wana makosa ya aina mbili. Anayesema unajidekeza anaumiza waziwazi. Anayekunyang'anya kila kazi kwa upendo anaumiza polepole: misuli inalegea, na wewe unaanza kujiona mzigo. Mtafiti Barbara Felton na wenzake walitunga mwaka 1984 kipimo cha kukubali ugonjwa chenye kauli 8 za kujibiwa kwa alama, jumla yake kuanzia 8 hadi 40; jumla kubwa ni kukubali zaidi. Miongoni mwa kauli hizo zimo za kujiona mzigo kwa familia na kujiona huna faida. Hayo mawili hupungua ukibaki na kazi yako mwenyewe ndani ya nyumba. Kwa hiyo omba msaada kwa kutaja kitu: "Nibebee ndoo, mboga nitakata mwenyewe." Ukisema "nisaidieni" tu, utapewa usichohitaji. Watoto waambie mapema: "Mama akikaa kengele ikilia, hajazidiwa, ni zamu yake ya kupumzika." Wakijua hivyo hawataogopa, nawe hutalazimika kujieleza kila siku.

Kukubali hakuondoi kliniki. Endelea na dawa na mazoezi uliyopangiwa. Homa isiyoeleweka au kukonda bila sababu, mweleze daktari. Ukipata ganzi sehemu za siri, ukashindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, au miguu ikalegea ghafla, nenda hospitali saa hiyohiyo.