Mashine mpya ya kupumulia usiku? Ianze jioni

Kama umepewa CPAP, mashine inayopuliza upepo kupitia barakoa, kwa sababu pumzi hukatika usingizini, usingoje saa ya kulala ndipo uijaribu. Ivae ukiwa macho, umekaa unatazama taarifa ya habari, mashine ikiwa imewashwa. Ukishazoea kutoa pumzi dhidi ya upepo ule, kitandani hutashtuka.

Barakoa ndiyo yenye kesi nyingi. Mikanda irekebishe ukiwa umelala, upepo ukipuliza, maana uso hubadilika ukilala. Ikivuja, wengi hukimbilia kukaza; mara nyingi ndipo inazidi kuvuja, na asubuhi unaamka na alama puani. Ivute mbele kidogo, mto wake wa silikoni ujae upepo, kisha iachie ikae yenyewe. Mafuta ya uso, hasa yale mazito ya mgando, yapake asubuhi. Silikoni haishiki kwenye ngozi inayoteleza.

Koo likikauka, tumia tangi la unyevu la mashine, na maji yawe yaliyokenekwa (distilled), ya duka la dawa (si ya betri ya gari, tafadhali!). Presha ya upepo wa mashine usiichezee mwenyewe. Hiyo mwachie daktari.