Siku Mbili Kampala, Kisha Arua: Jinsi ya Kwenda Kikazi Bila Kurudi Umechakaa

Kila baada ya miezi mitatu napeleka chupa za asali Kampala. Mimi ndiye mwenye daftari katika kikundi chetu cha wafugaji nyuki hapa Arua, na mwenye daftari ndiye anayetumwa. Kazi yenyewe si kubwa: kufikisha sampuli kwenye maabara ya Shirika la Viwango kule Bweyogerere, kuonana na wenye maduka wawili watatu, basi. Kinachobaki ni barabara, karibu kilomita 500 kwenda na nyingine kama hizo kurudi.

Miaka ya mwanzo nilikuwa narudi miguu imevimba, pesa zimekwisha, na nimekosana na jirani. Siku hizi narudi watu wananiuliza kama nilikuwa harusini. Kazi ni ileile na basi ni lilelile. Nilichobadilisha ni mambo machache, na la kwanza wala haliko Kampala.

Oda za watu

Arua nayo ni jiji tangu tarehe 1 Julai 2020, lakini ukimwambia mtu "naenda mjini" anajua ni Kampala, na papo hapo anakumbuka kitu anachokihitaji. Shangazi anataka kitenge. Mume wa dada anataka kipuri cha pikipiki kutoka soko la Kisekka. Mama wa mlango wa pili anataka viatu vyeusi vya shule vya mtoto, namba 38, "utavipata tu Owino, vimejaa." Hakuna anayekuonea. Kila mmoja anaomba kitu kimoja. Ila ukijumlisha unakuta umekuwa mchukuzi wa mtaa mzima, na asali yako ndiyo imekwenda kama abiria.

Hivyo viatu vya namba 38 nilivinunua kweli. Nilizunguka soko la Owino saa moja na nusu, mvua inanyesha, maji ya matope yanapita kati ya meza za mitumba, nikapata jozi nzuri, ngozi, soli nzima. Nikalipa, nikafunga, nikakimbilia basi. Asubuhi Arua mtoto anavijaribu, cha kwanza kimekaa vizuri, cha pili kinakataa. Tukavipanga sakafuni: vyote viwili vya mguu wa kushoto. Mama yake hakusema kitu. Alinitazama tu, na kwa wiki mbili salamu zetu zilikuwa fupi.

Tangu siku hiyo nachukua oda tatu kwa safari, hazizidi. Pesa nipewe mkononi kabla sijafunga begi. Habari ya "nunua tutalipana" sina tena. Kitu kiwe na jina na kipimo kilichoandikwa na mwenyewe. Viatu, nataka unyayo uliochorwa kwenye karatasi, wa kulia na wa kushoto. Na kiwe kinauzwa mahali ambapo ningepita hata bila oda.

Kukataa nako kuna namna yake. Zamani nilikuwa nasema "nitaangalia", nikidhani nimekataa kwa adabu. Kwa mwombaji hiyo ni ahadi, na ukirudi mikono mitupu unadaiwa. Sasa nasema, "Shangazi, safari hii nimejaa, ijayo wewe ndiye wa kwanza," na nafungua daftari naandika jina lake akiwa ananitazama. Hilo la kuandika mbele yake ndilo linalomridhisha.

Kufunga mzigo

Maliza nyumbani kila kinachoweza kumalizika nyumbani. Kikundi chetu kina kile kipimo kidogo cha mkono cha kupima maji kwenye asali: unadondosha tone kwenye kioo, unafunika, unaelekeza kwenye mwanga, unasoma mstari. Asali ikizidi maji asilimia 20 huwa inachacha, na hakuna maabara itakayokuhurumia. Nikikuta 21, chupa ile haiendi popote. Ya nini kusafiri usiku kucha kwenda kuambiwa jambo ulilolijua tangu jikoni?

Mdomo wa chupa naufunika kwa nailoni kabla ya kukaza kifuniko, kisha chupa zinasimama ndani ya ndoo yenye mfuniko, zimezungushiwa kanga. Ndoo inakaa katikati ya miguu yangu. Kwenye buti la basi haiendi, kwa sababu kule kuna magunia, na kondakta hana muda wa kuuliza upande upi ni juu. Wala usiiweke kwenye kibebeo cha juu. Niliwahi kuiweka pale, na aliyekaa chini yake alikuwa mzee mmoja mwenye kanzu nyeupe.

Mengine ni machache: nguo ya kubadilisha, kandambili, suruali ya kuvaa ndani ya gauni kwa ajili ya boda, na zawadi ya mwenyeji kama ninaye. Kwa mtu wa kwetu West Nile anayeishi Kampala hakuna zawadi inayoshinda angara, wale samaki wakavu wetu. Wafunge mara tatu. Ukiwafunga mara moja, basi zima litajua unakotoka.

Kufika, na kazi kwanza

Naondoka Jumapili usiku, kwa hiyo nashuka Kampala alfajiri ya Jumatatu kukiwa bado na giza. Usitoke paki ya mabasi kabla hakujapambazuka. Agiza chai na katogo, yaani ndizi zilizopikwa pamoja na mchuzi, kaa karibu na familia zenye watoto, ngoja. Wakati unangoja, kata kabisa tiketi ya kurudi. Kiti changu huwa cha safu za katikati, upande wa kushoto. Nyuma utarushwa kama mahindi kwenye sufuria, na upande wa kulia taa za malori yanayokuja zitakumulika usoni usiku kucha.

Nalala Old Kampala, kwenye lodji ya kawaida yenye maji ya uhakika. Sababu ni miguu yangu: kutoka pale natembea hadi paki za taksi, hadi Owino, hadi msikitini. Naomba kwa simu siku moja kabla waniruhusu kuingia asubuhi na mapema. Kuoga kabla ya kazi ni nusu ya kazi.

Taksi za Kampala ni yale magari meupe yenye mkanda wa miraba ya buluu. Mkenya angeita matatu, Mtanzania angeita daladala. Ya Bweyogerere inafuata barabara ya Jinja, inapita Banda na Kireka, na ukiuona uwanja wa Namboole anza kumwambia kondakta. Simu iwe ndani ya begi, si mkononi karibu na dirisha, hasa gari likisimama kwenye jamu. Boda nachukua tu muda ukinibana, na bila kofia ya abiria sipandi, hata dereva anune.

Halafu lugha. Sisi Arua Kiswahili ndiyo lugha ya soko. Kampala ukiuliza bei kwa Kiswahili, mzee wa Kiganda anaweza kukutazama kana kwamba umetoka kambini, kwa sababu kwa miaka mingi waliokuwa wakiwasemesha Kiswahili walikuwa askari. Baraza la Mawaziri liliridhia Kiswahili kiwe lugha rasmi Julai 2022, ila naona tangazo bado halijafika Owino. Jifunze "ssebo" kwa mwanamume, "nnyabo" kwa mwanamke, "mmeka" ya kuuliza bei, na "weebale" ya kushukuru. Anza na hayo manne, endelea na Kiswahili chako. Bei inashuka kidogo, na uso wa muuzaji unafunguka.

Jumatatu yote ni ya kazi: maabara asubuhi, maduka mchana. Usichomeke starehe katikati. Nilijaribu, nikawa nakula muchomo huku natazama saa, nyama haina ladha na kazi haiendi. Kazi inayobaki, kama karatasi ya kugongwa muhuri, imalizike Jumanne kabla ya saa sita.

Saa zako mwenyewe

Jumanne kuanzia saa saba mchana hadi saa kumi na moja ni zangu. Nimeziandika kwenye daftari kama miadi, na mtu akinipigia namwambia niko kwenye mkutano. Si uongo mkubwa sana.

Chagua jambo moja. Wengine watakwambia makumbusho ya Kira Road, wengine makaburi ya wafalme Kasubi, yale yaliyoungua Machi 2010. Yote nimeyaona, yanafaa. Mimi hurudia Msikiti Mkuu wa Old Kampala. Ulianzishwa zama za Amin, mtu wa kwetu, ukakwama miaka na miaka, hadi Gaddafi akaumalizia na ukafunguliwa mwaka 2007. Kuhusu wote wawili kila mtu ana lake la kusema, nami sina haja ya kuongeza. Naswali, napumzika kwenye zulia kidogo, kisha napanda mnara. Wasio Waislamu nao wanakaribishwa; kuna kiingilio na mtu wa kukuongoza, na wanawake hupewa nguo ya kujistiri.

Ngazi zinazunguka na kuzunguka. Nilijaribu kuhesabu, hesabu ikanipotea baada ya mia mbili. Pumzika kwenye vidirisha, hakuna anayekukimbiza. Juu kabisa upepo unakupiga usoni, na paki ya taksi iliyokusumbua asubuhi iko chini yako kama mchele uliomwagika kwenye ungo, punje nyeupe zinasukumana, na kelele zake hazifiki. Kilima cha Namirembe kile pale na kuba la kanisa lake, Rubaga na minara yake miwili, Makerere, Nakasero. Nikiwa pale ndipo ninapojua nimefika Kampala. Siku iliyotangulia nilikuwa nimefika Bweyogerere tu.

Kisha chakula, na hapa usibane pesa. Ninakula matoke na mchuzi wa karanga kwa mama mmoja wa chini ya kilima, polepole, simu imezimwa. Ikiwa Novemba nanunua senene kidogo, waliokwisha kukaangwa, nipeleke nyumbani. Watoto wangu wamekulia kumbikumbi, na kila mwaka wanabishana ni yupi mtamu. Rolex nakula usiku wa Jumatatu, kwa sababu chapati na mayai ni chakula cha mtu aliyechoka.

Oda zile tatu? Owino, saa moja, baada ya chakula. Viatu navikagua kwa kuvigusanisha soli kwa soli.

Kurudi

Mkate ununue mwisho, dukani, si kwa wachuuzi wanaopandisha dirishani. Mkate upo Arua, tena mzuri, lakini mtoto wa Uganda akisikia mzazi ametoka safari anauliza mkate, na ule wa nyumbani hauhesabiwi. Uweke juu ya begi, ubebe mwenyewe. Mkate uliokaliwa unaonekana.

Kuwa paki saa nzima kabla ya basi kuondoka, maana jamu ya jioni haijui tiketi yako. Maji kunywa kiasi, kwa sababu vituo vya kuchimba dawa ni vichache na giza ni nene. Bombo, Luwero, Nakasongola, hapo bado watu wanaongea. Baada ya Migyera basi zima linalala. Mimi huamka Karuma bila kuamshwa. Dereva anapunguza mwendo, barabara inateremka kuelekea darajani, na kwa muda mfupi unausikia mto chini kabla ya kuuona. Mchana kuna nyani wanaongoja maganda ya ndizi, usiku ni maji tu. Mwaka 2024 daraja lilipofungwa kwa matengenezo na magari yakazungushwa, nilikosa sauti ile kuliko nilivyodhani.

Pakwach ni karibu na alfajiri. Kabla ya daraja tazama nje, mara nyingine tembo wamesimama pembeni mwa barabara kama watu wanaongoja gari. Baada ya hapo ni Nebbi, na hewa inabadilika.

Siku ya kurudi usiende kazini. Nimewaambia wenzangu kikundini kuwa ripoti ni Alhamisi, na Jumatano wasinipigie. Naoga, nagawa mkate, nasikiliza kesi zote za ndani ya nyumba, nani alimpiga nani, kuku gani amepotea. Kisha nalala hadi adhuhuri.

Safari iliyopita nililala saa mbili tu, nikasikia hodi. Alikuwa mama wa viatu. "Pole na safari, Mama Zubeda. Owino ulipita?" Nikamfungulia daftari: jina lake, namba moja, safari ijayo. Akalisoma, akacheka, akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa. Nyayo mbili, zimechorwa kwa kalamu ya risasi, na juu ya kila moja ameandika kwa herufi kubwa: KULIA. KUSHOTO.