Kubadilisha oili na filta ya Toyota IST nyumbani

Gari ninalolieleza hapa ni Toyota IST ya toleo la kwanza, lenye injini ya 1NZ-FE ya cc 1,496, kwa sababu injini hiyo hiyo imo pia ndani ya baadhi ya Probox, Platz, Spacio na Vitz zinazotembea katika barabara zetu, na kwa hiyo mwenye gari lenye injini hiyo atafuata maelezo haya bila shida. Wengi wetu humwaga oili kila kilomita 5,000, na naona ni kipimo cha haki, kwa kuwa gari linaposimama saa nzima kwenye foleni injini huwa inafanya kazi wakati kilomita hazisogei.

Injini hii huchukua lita 3.7 za oili ukibadilisha na filta, hivyo galoni ya lita 4 inatosha na inabaki kidogo ya kuongezea baadaye. Nunua 5W-30 ambayo lebo yake inaonyesha daraja la ubora la API SN au SP. Namba ya kwanza huonyesha jinsi oili inavyotiririka injini ikiwa baridi, na ya pili huonyesha uzito wake injini ikishapata moto. Nunua kwenye duka unaloliamini, kagua kizibo na utepe wake kabla ya kulipa, kwani oili bandia huuzwa ndani ya galoni halisi zilizookotwa na kujazwa upya. Kwa sababu hiyo hiyo, galoni yako ikiisha itoboe kabla ya kuitupa.

Pamoja na oili, andaa filta mpya, washa mpya (kipete cha kuzuia uvujaji) ya nati ya kumwagia oili, spana ya ringi au soketi namba 14, beseni la lita 5 au zaidi, matambara, jeki, na stendi mbili za chuma. Stendi hizo si za hiari. Jeki iliyokuja na gari imetengenezwa kwa ajili ya kubadilisha tairi, haikutengenezwa kwa ajili ya mtu kulala chini ya gari, na ikiteleza hakuna muda wa kujivuta. Egesha gari mahali palipo sawa na pagumu, weka gia kwenye P, vuta breki ya mkono, zuia matairi ya nyuma kwa mawe mbele na nyuma, kisha inua upande wa mbele na ulishushe gari juu ya stendi mpaka zibebe uzito wote. Litikise kwa mkono kabla ya kuingia chini, na ulaze tairi la akiba chini ya ubavu wa gari kama kinga ya mwisho.

Kabla ya kuinua, washa injini dakika tatu hadi tano. Oili yenye uvuguvugu hutoka haraka na huondoka na uchafu ulioelea ndani yake, lakini iliyotoka safarini moja kwa moja inaweza kukuunguza vibaya. Zima, fungua boneti, legeza kifuniko cha kujazia oili ili hewa iingie, ndipo uende chini.

Hapa naomba usifanye haraka. Chini ya IST ya otomatiki kuna nati mbili za kumwagia: moja ni ya injini na nyingine ni ya gia boksi, na mtu anayefanya kazi hii kwa mara ya kwanza anaweza kumwaga hidroliki ya gia akidhani ni oili ya injini, kisha akaongeza lita nyingine 3.7 juu ya oili ya zamani ambayo bado imo ndani. Gari la namna hiyo huharibika pande zote mbili kwa siku moja. Injini iko upande wa dereva, kule kwenye mkanda, na gia boksi iko upande wa abiria. Fuata kwa macho bakuli la chuma lililo chini ya injini, yaani sampo, mpaka uione nati yenye kichwa cha namba 14. Ukifungua na kuona maji mekundu au ya hudhurungi nyepesi badala ya oili nyeusi, irudishe nati hapo hapo na usiwashe gari.

Legeza nati kwa spana kinyume na mwendo wa saa, kisha malizia kwa vidole huku ukiisukuma kuelekea ndani, na ikiisha nyuzi zake iondoe kwa mkupuo mmoja. Mkondo wa kwanza hutoka kwa nguvu, kwa hiyo liweke beseni karibu na ulisogeze kadiri mkondo unavyopungua. Acha itone kwa dakika 10 au zaidi. Futa nati, vika washa mpya, irudishe kwa vidole mpaka iguse, ndipo uikaze kwa spana. Kipimo cha kuikaza ni karibu nyutonimita 37, ambazo kwa mkono ni mvuto mmoja wa wastani kwenye spana fupi. Anayeikaza kwa uzito wa mwili wake huharibu nyuzi za sampo, na nyuzi zikishaliwa gari litavuja mpaka sampo itengenezwe.

Filta hufunguliwa kwa kuizungusha kwa mkono, na ikigoma tumia mkanda wa kufungulia filta. Itakapotoka, ishike mdomo ukiangalia juu kwa sababu imejaa oili, na uhakikishe kuwa mpira wake wa duara umetoka nayo. Mimi niliwahi kufunga filta mpya juu ya mpira wa zamani uliokuwa umeganda kwenye injini. Nilipowasha, oili iliruka chini ya gari na kutapakaa uani kabla sijaufikia ufunguo. Tangu siku hiyo hupitisha kidole mahali filta inapokaa, duara lote, kila mara. Paka mpira mpya oili safi, zungusha filta mpaka mpira uguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko kwa mkono tu.

Jaza lita 3.4 kwanza, funga kifuniko, washa injini na uiangalie taa ya oili, ile nyekundu yenye umbo la birika. Inapaswa kuzimika ndani ya sekunde chache. Isipozimika, zima injini mara moja na utafute sababu. Iache iungurume dakika mbili huku ukimulika tochi kwenye filta na nati kutafuta tone lolote. Zima, shusha gari, subiri dakika tano, kisha futa kijiti cha kupimia, kirudishe na ukitoe tena. Ongeza kidogo kidogo mpaka oili ifike karibu na alama ya juu, na usiivuke, kwa kuwa oili iliyozidi hupigwa na krenki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, ikatoa povu, na povu halilainishi chuma.

Oili chafu imwage ndani ya dumu lenye kizibo na uipeleke gereji au kituo cha mafuta kinachoipokea. Najua watu huipaka mbao kwa ajili ya mchwa, na wengine huimwaga shimoni, lakini ina mabaki ya metali na hufika kwenye visima tunavyochota. Filta ya zamani itobolewe, ichuruzike usiku kucha ndani ya dumu hilo hilo. Andika tarehe na kilomita kwenye kipande cha karatasi ukibandike chini ya boneti, na asubuhi, kabla ya kuondoka, chungulia chini ya gari kama sakafu ni kavu.