Tandaza maji ya mtaro kabla hayajafika kwenye nyasi za mtoni

Mtaro ukimwagia sehemu moja ya ukanda wa nyasi za kuchuja udongo kando ya mto, maji yanachimba korongo na udongo unapita wote. Nyasi zinabaki pambo. Juu ya ukanda, chimba mfereji unaokingama na mteremko: kina sentimita 30, upana 60, urefu mita 6 hivi, ncha zote zimezibwa. Ukingo wa chini upime uwe sawa kote, kwa fremu A (miti iliyofungwa kama herufi A, yenye kamba na jiwe la kuonyesha usawa) au mpira mwembamba wenye maji, kisha panda vetiva, nyasi ndefu zenye mizizi mirefu. Mfereji ukijaa, maji hufurika taratibu ukingo mzima. Ukingo ukizama hata sentimita 2, yote yanatokea hapo, kwa hiyo kagua na uzoe tope kila baada ya mvua kubwa. Mteremko mkali, unaoshuka zaidi ya mita 1 kwa kila mita 10, haufai: maji yatajikusanya tena chini.