Kipi hufa motoni, kipi hakifi: jiko la mja mzito Lamu

Mkaza mwanangu ana mimba ya miezi mitano. Wiki iliyopita jamaa zake wa Kizingitini walimletea ng'onda: papa mzima, kapasuliwa, katiwa chumvi, kakaushwa hadi amekuwa kama ubao. Na yeye tangu aanze kutapika asubuhi, hamu yake ni papa wa nazi tu. Nikamwambia amtundike. Akanuna. "Mama, nitamchemsha mara mbili." Nikaona afadhali niandike, maana hata mimi zamani nilidhani moto hutakasa kila kitu.

Ukimpikia mja mzito, kila ukishika chakula jiulize kwanza: ubaya wake hufa motoni?

Wa papa haufi. Ni zebaki, madini yenye sumu. Ile iliyomo baharini huingia kwa samaki wadogo, wadogo wakaliwa na wakubwa, na samaki aishiye miaka mingi akila wenzake huikusanya nyamani mwake. Kuchemsha hakuiondoi wala chumvi haiiondoi. Jua ndilo baya zaidi: maji hukauka, zebaki hubaki, kwa hiyo kipande cha ng'onda kimeibeba zaidi kuliko kipande kibichi cha uzito uleule. Hupita kwenye kondo ikamfikia mtoto, na kinachoumia ni ubongo unaojengeka. Kule Minamata, Japani, maradhi yake yalipojulikana mwaka 1956 kwa sababu ya taka za kiwanda, wako akina mama walioonekana wazima lakini wakazaa watoto walioathirika vibaya. Kwetu hakuna kiwanda kama kile, ila somo la kondo ni lilelile.

Basi acha papa, nduaro na sulisuli mpaka umalize kunyonyesha. Jodari, mara moja kwa wiki inatosha. Tasi, changu, mkizi, vibua, dagaa na kamba, kula mara 2 au 3 kwa wiki, kipande cha kiganja chako. Usikimbie samaki kabisa kwa hofu. Mafuta yake ndiyo yanayojenga ubongo huohuo. Na wanaokukataza mayai, waitikie kwa adabu, kisha ule yai lako likiwa limeiva hadi kiini kigumu.

Kusi ikivuma, bahari ikachafuka na mashua zikakaa pwani, sote hurudi kwenye unga na maharagwe. Hapo nachunga sumukuvu, sumu ya ukungu wa mahindi na njugu. Nayo haifi motoni, ugali hauitoi. Mwaka 2004 iliua watu 125 nchini mwetu, wengi wao Makueni na Kitui, waliokula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Kwa mja mzito imehusishwa na mtoto kuzaliwa na uzito mdogo. Mahindi yakija kutoka Mpeketoni, yamwage kwenye uteo, uchague punje moja moja: iliyobadilika rangi, iliyovunjika, yenye ukungu, tupa, na usiwape kuku. Gunia lisikae sakafuni, liweke juu ya mbao, mbali na ukuta unaotoa chumvi. Njugu ikiwa chungu mdomoni, tema hapohapo.

Kasa sitaki hata kumjadili. Sheria inamkataza, na Machi 2024 huko Panza, Pemba, watu 9 walikufa kwa nyama yake, 8 kati yao watoto. Sumu ile pia haisikii moto.

Sasa vile vinavyokufa motoni. Maziwa yanayoletwa na madumu, yachemshe hadi yapande, hata muuzaji akiapa ng'ombe ni wake mwenyewe. Mishkaki ya ukingoni mwa bahari, ikiwa na wekundu ndani irudishe jikoni, usione haya. Na paka wetu! Wageni huja kuwapiga picha, lakini kinyesi chao kina kijidudu kinachoweza kumharibu mtoto macho na ubongo. Kumpapasa paka si tatizo kubwa. Tatizo ni mchanga wa uani na mchicha uliolimwa kwenye udongo wanaochimba. Kinyesi aondoe mtu mwingine, kila siku, kabla hakijakaa, na kachumbari ioshwe kwa maji mengi. Maji ya kunywa chemsha, hata yakiwa ya visima vya Shela ambavyo kila mtu huvisifu.

Na udongo wa kula. Nilipokuwa na mimba ya kwanza, nilikuwa nikiununua soko la pale Ngomeni, nikiuficha kwenye pindo la leso. Harufu yake mvua ikinyesha, ah! Lakini udongo huo unaweza kubeba mayai ya minyoo na madini ya risasi, na kliniki damu yangu ilikutwa imepungua. Ukiutamani, mwambie muuguzi bila kuona haya, huenda damu yako ndiyo inayolia. Meza vidonge vya damu kila siku, kwa maji au kwa maji ya chungwa. Chai isubiri saa nzima baadaye, huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini.

Yule papa bado ametundikwa juu ya birika la maji. Mkaza mwanangu humtazama kila apitapo. Mume wake naye nimemkuta mara mbili na kisu mkononi, na mkia umeshatoweka.